Makoti Mia Tatu na Kumi na Mawili

12 Novemba 1992

Mimi, Kleopas Dirgėla, nina miaka sabini na saba. Nimezipita serikali sita, fedha za aina tano, wake wawili, miaka minane ya Siberia na wakuu wa chuo wanne. Huyu wa tano, Bwana Steponkus, bado tunatazamana. Shule nilisoma majira mawili ya baridi tu, kisha ng'ombe wakanihitaji, kwa hiyo anayetaka mwandiko mzuri awatafute maprofesa. Mkono wangu ni mzito, lakini kichwa hakijapoteza kitu.

Daftari hili lilisahauliwa juu ya kaunta yangu mwaka wa themanini na sita. Naanza kuliandika kwa sababu nimeambiwa wageni wanakuja kutuchunguza. Tume ikija, mtu awe na hesabu yake mwenyewe.

Kazi yangu ni chumba cha makoti, ghorofa ya chini, mkono wa kushoto ukiingia. Ndoano 312. Miaka thelathini na moja. Hakuna aliyepanda ngazi za chuo hiki na koti mwilini, awe mwanafunzi, awe profesa, awe jenerali. Jenerali mmoja alijaribu mwaka wa sabini na mbili, aliteremka. Unanipa koti, nakupa kibati chenye namba. Na koti liwe na kitanzi shingoni, kile kiuzi cha kulitundikia. Lisilo na kitanzi silipokei. Ukilitundika kwa kola linaota kibiongo, ukilirushia juu ya ndoano linaanguka na lawama ni zangu. Katika miaka yote hiyo sijapoteza koti hata moja.

Leo, makoti tisa.

13 Novemba

Makoti saba. Theluji ya kwanza, kidogo, kama chumvi ya mchoyo.

17 Novemba

Ndoano ziko tupu na sababu naijua, mimi si mjinga. Tangu tujitoe kwa Moscow tukawa huru, mafuta hayaji kutoka mashariki, na mtambo wa mji unatuletea maji ya uvuguvugu kwenye mabomba asubuhi, basi, siku imekwisha. Madarasani nyuzi nane. Wanafunzi wanapita mbele yangu na makoti yao kama wanaoingia sokoni.

Yuko msichana wa mwaka wa tatu, Rugilė, mrefu, mdomo kama wembe. Leo nilimsimamisha.

"Koti hilo linakwenda wapi?"

"Darasani, mjomba Kleopas. Na mimi nimo ndani yake."

"Lete hapa. Nikupe kibati."

"Kibati chenyewe kina manyoya ndani?"

Wenzake walicheka mpaka ngazi ya tatu. Nikawaambia mimi nimekaa Siberia kwenye nyuzi hamsini chini ya sifuri na sikuingia kwa mtu na koti. Akasema, "Ndiyo maana umekauka vizuri hivyo." Kizazi hiki.

Makoti sita.

24 Novemba

Wamefika. Wanatoka chuo kikuu cha Norwe. Chuo chao na chetu vimefunga ushirikiano wa miaka mitatu: wao watushauri, sisi tubadilike. Mitihani ibadilike, masomo yabadilike, vitabu visiombwe tena kupitia dirisha dogo la maktaba bali kila mtu aingie ajichukulie mwenyewe kama viazi gengeni. Ni wawili, mwanamume mwenye kipara ambaye haongei, anaandika tu, na mkubwa wake, mwanamke wa miaka hamsini hivi, Bi Torunn Haugland. Anayewatafsiria ni Mwalimu Kairytė wa ghorofa ya pili, mwembamba, maneno mbio mbio. Huyo namweka kati ya watu wanaoamini kila anayetabasamu.

Bi Haugland alikuja kwenye kaunta akanipa koti lake mwenyewe bila kuambiwa. Nikasema moyoni, hapa pana adabu. Nikaligeuza. Hakuna kitanzi.

"Silipokei," nikasema.

Mwalimu Kairytė akanong'ona, "Mjomba, tafadhali, ni mgeni."

"Mgeni ana sindano kwao. Mwambie."

"Siwezi kumwambia hivyo!"

"Basi mwambie kwa maneno yako marefu, ila sindano iwemo."

Akamwambia. Yule mama akacheka kwa sauti, akalivaa koti lake, akauliza kitu huku anatazama ndoano zangu, safu hadi safu, zikiwa tupu.

"Anauliza mbona chumba hiki kina madirisha manane na maktaba ina mawili."

"Mwambie makoti yanapenda mwanga."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mwenye kipara akaandika.

Mwalimu akaniambia pembeni, "Mjomba, hawa si tume. Ni washauri tu." Nikamwambia mtoto, mimi nimeona tume za Wajerumani, za Moscow, za Vilnius, za mifugo, za vitunguu. Anayekuja na daftari ni tume.

25 Novemba

Makoti manane. Wameondoka.

2 Desemba

Sasa najua. Mwalimu Kairytė amenieleza mwenyewe, uso umemwiva. Katika barua yao ya kwanza wageni wamependekeza chumba changu kiwe chumba cha kusomea, rafu wazi, meza, taa. Kiko chini, sakafu ni ya zege, madirisha manane. Nao wameandika kwamba chumba "hakionekani kutumika".

Hakitumiki! Mimi nimekaa humo miaka thelathini na moja, hakitumiki!

Nilimwambia dada yangu Barbora, ninayeishi naye. Ana miaka themanini, haniachi nimalize sentensi.

"Wakikuondoa utafanya nini?"

"Hawaniondoi."

"Utakaa hapa jikoni siku nzima unanihesabia vijiko. Afadhali wanichukue mimi Norwe."

7 Desemba

Makoti matano. Moja ni langu.

9 Desemba

Mkuu wa Chuo ameniita juu. Mara ya mwisho nilipoitwa ofisini humo mkuu alikuwa mwingine na ukutani palikuwa na picha nyingine.

"Kaa, mzee Kleopas."

"Nashukuru, Ndugu Mkuu." Ulimi uliteleza. Siku hizi ni Bwana, Ndugu ilikufa pamoja na ile picha. Hakukasirika. Alitabasamu.

Akaniambia mimi ndiye uso wa chuo, mtu wa kwanza anayeonwa na kila anayeingia. Akasema wageni watarudi Februari kuandika ripoti kamili, na chumba kinachotumika hakiguswi, hilo ananiahidi yeye Steponkus. "Siku hizo mbili makoti yatakuwepo. Wewe yatundike tu, kama unavyojua wewe."

Nikamwambia hakuna anayejua kama mimi. Nilishuka ngazi kama kijana wa miaka sitini. Nasema hapa bila woga: kati ya wakuu wote watano huyu ndiye mtu.

24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Barbora aliweka vyakula kumi na viwili kama inavyotakiwa, ingawa vitano vilikuwa viazi kwa majina tofauti. Sahani tupu ya marehemu ikawekwa. Tulimtaja kila mtu, ikachukua muda.

11 Januari 1993

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Bomba la upande wa mashariki limepasuka, ukuta umeota barafu kama ndevu. Makoti matatu. Nimefagia chumba mara nne. Sikai. Nikikaa nasikia miguu inaniuliza kitu.

12 Januari

Mawili.

14 Januari

Moja, langu. Nilitaka nilivae. Sikulivaa.

20 Januari

Mwalimu Kairytė ameniletea chai ya maua makavu kwenye chupa, akainywea hapa kwangu kwa sababu chumba cha walimu hakikaliki. Vidole vyake vimepasuka. Nilimwacha akae na koti, upande wa pili wa kaunta lakini, si ndani.

"Mjomba, nikwambie kitu. Wale wana fungu la kutengenezea majengo. Wanaliweka pale wanapoona pameharibika. Tungewaonyesha madarasa yalivyo, wangetuletea mtambo wetu wenyewe wa joto. Nilimwambia Mkuu."

"Akasemaje?"

"Akasema hakuna mtu aliyewahi kupewa kitu na tume kwa kuonekana maskini. Akasema chuo kinachoonekana hoi kinaunganishwa na cha Kaunas na mlango unafungwa."

"Kasema kweli. Ukiionyesha tume tundu la soksi, inaukata mguu."

"Lakini si tume!"

"Kunywa chai."

Alikunywa. Ni mtu mzuri, ila hajawahi kusimama mbele ya meza yenye watu watatu na karatasi.

4 Februari

Sasa chuo kinachangamka. Wanapaka rangi ukumbi namba moja, ndimo wageni watakamoketi. Hita za umeme zimekusanywa kutoka kila ofisi na bwenini, zote zimepangwa ukumbini chini ya madirisha, ishirini na tatu. Upande wa mashariki umefungwa kwa kufuli na kibao kinasema "Matengenezo". Na tangazo limebandikwa, limetiwa sahihi na Mkuu: tarehe kumi na kumi na moja kila mwanafunzi na kila mwalimu atundike koti kabla ya saa mbili, na makoti hayatolewi kabla ya saa tisa.

Nimesoma tangazo mara tatu. Mwandiko wa mashine, lakini nimelisoma.

Wanafunzi walianza kuniletea makoti niyakague. Nusu hayana vitanzi! Vijana wanavaa vitu vya kutoka Poland, vimeshonwa kwa mate. Nimeyapeleka nyumbani kwa mkokoteni wa theluji, machache kila jioni, asubuhi nayarudisha, mimi na Barbora tukashona. Uzi ulikwisha, tukafumua mto.

7 Februari

Tunashona. Barbora anasema macho yake yatabaki kwenye kola ya mtu. Nimemwambia hii ni kwa ajili ya chuo kikuu. Akasema, "Ni kwa ajili yako, usinifanye mjinga."

10 Februari

Leo naandika mengi, na mkono unauma.

Nilifika saa kumi na moja na nusu. Nje nyuzi kumi na sita chini. Wanafunzi walianza kuja saa moja, mstari mpaka nje ya mlango, na mimi nikafanya kazi ambayo hakuna mwingine katika nchi hii angeifanya peke yake: makoti mia tatu na kumi na mawili kwa dakika hamsini, kila moja kwa kitanzi chake, bega limelala, mikono chini. Sikuchanganya hata kibati kimoja. Ilipogonga saa mbili hapakuwa na ndoano tupu. Nilisimama katikati. Sauti ya ukumbi haikunifikia, chumba kilikuwa laini pande zote, kinanuka pamba na tumbaku na watu. Sikuwa nimeona hivyo tangu mwaka wa themanini na tisa. Nitasema ukweli, machozi yalinitoka.

Saa tatu kasoro Rugilė akaja. Sweta moja. Midomo rangi ya plamu.

"Mjomba, nipe koti langu. Kuna leso mfukoni."

"Saa tisa."

"Leso tu."

"Tangazo umelisoma. Namba yako mia moja na nne, lipo salama, limelala vizuri."

"Lina bahati," akasema. Hakucheka. Akaondoka huku amejikumbatia. Nilitaka aniambie neno la kunichoma, nimelizoea, hakuniambia.

Saa tatu na nusu wageni wakaingia na Mkuu amevaa tai. Bi Haugland alinijia moja kwa moja, akavua koti, akaligeuza, akanionyesha shingo ya hilo koti. Kitanzi! Kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kimekwenda upande, mshono wa mtu asiyejua. Alikuwa amekishona mwenyewe. Alisimama pale kama mtoto anayesubiri alama.

Nikasema, "Kinapita." Mwalimu akatafsiri, yule mama akapiga makofi.

Kisha akatazama nyuma yangu na kicheko kikakatika. Akauliza.

Mwalimu Kairytė alikuwa kwenye blauzi, taya zinamgongana. "Anauliza mbona leo pamejaa. Anauliza kama siku hizi madarasani kuna joto."

Mkuu alikuwa nyuma ya bega lake. Alinitazama kwa tabasamu lile la ofisini.

Nikasema, "Panajaa kila siku. Joto tele. Anaweza kuandika."

Mwalimu alivuta mikono ya blauzi mpaka vidoleni. Kisha akatafsiri. Yule mwenye kipara akaandika. Walipokuwa wanaondoka Mwalimu aligeuka akaniambia polepole, yeye ambaye hajawahi kusema polepole, "Nimesema vile vile ulivyosema, mjomba."

Koti la Norwe sikuwa na ndoano ya kulitundikia. Nililitundika juu ya langu.

Nikakaa. Nikasimama. Nikafagia mahali palipofagiliwa. Nilikuwa na kila nilichokitaka na sikuweza kutulia. Nikasema niende kuona kama ukanda uko safi, kwa sababu uso wa chuo unaangalia kila kitu. Nikapita mlango wa namba kumi na nne. Una kioo.

Humo walikuwa wanaandika jaribio. Kila mmoja anaandika mstari, anaweka mkono kwapani, anautoa, anaandika mstari mwingine. Kalamu hazitoi wino, wanazipulizia. Mwalimu wao, mzee mwenzangu Petkūnas, anatembea kati ya madawati anapiga mikono mapajani ili damu izunguke, na kila akipiga, wanafunzi wa safu ya mbele wanafumba macho. Mvulana mmoja alikuwa ameweka miguu ndani ya begi. Nilimwona Rugilė dirishani. Alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amekaa tu.

Baridi mimi naijua. Wanaojisifu kwa baridi ya msituni Siberia, nami nikiwemo, tuseme na hili: msituni unakata mti. Unasogea. Mlinzi akikuchukia bado unapewa shoka. Baridi ya kukaa kwenye dawati na kuandika sijawahi kupewa na mtu yeyote, hata na wale. Na ufunguo wa makoti yao ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilirudi chumbani nikakaa mbele ya ndoano. Sitasema kwamba niliamua upesi. Nilikaa muda wa kutosha kunywa bia mbili. Kama yakitoka, chumba kimekwenda, hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ni mimi niliyepewa ahadi. Miaka thelathini na moja. Nikajaribu kufikiri la Mkuu, na la Kaunas, na la mlango kufungwa. Kila nilipofika hapo nikaona begi lenye miguu.

Nikaanza na safu ya kwanza. Makoti ishirini mkono huu na huu, kidevu juu yake, nikapanda ngazi. Mlango wa ukumbi namba moja nikausukuma kwa mgongo. Joto la hita likanipiga usoni kama mkate unapotolewa. Ndani Mkuu alikuwa anahutubia, wageni wanaandika, wanafunzi wazuri ishirini wamepangwa mbele.

"Mzee Kleopas," Mkuu akasema kwa upole, "umepotea mlango?"

"Sijapotea. Mwalimu, mtafsirie huyu mama. Mwambie nilidanganya. Ndoano mia tatu na kumi na mbili, makoti ni tisa kwa siku, ikizidi sana. Januari moja, langu. Mwambie hita zote za chuo zimo humu, zihesabiwe. Mwambie aje namba kumi na nne sasa hivi, kabla hawajamaliza jaribio."

"Mzee amechoka," akasema Mkuu. "Kazi nyingi asubuhi."

"Kazi nyingi ndiyo," nikasema, "na mnisaidie kushika, yanaanguka."

Mwalimu Kairytė alikwisha kuanza kutafsiri. Alitafsiri kwa maneno mafupi.

Bi Haugland alisimama, akachukua makoti kumi kutoka mkononi mwangu bila kuuliza, akatoka nje ya mlango nami nyuma yake. Mwenye kipara akabeba mengine, mara ya kwanza nilimsikia akisema kitu, sijui nini. Tukaingia namba kumi na nne. Nikaita namba. Vibati vikainuka. Petkūnas akasema, "Jaribio linaendelea," kisha akasema, "Lakini na mimi nipe langu, mia mbili na sita."

Tulibeba mpaka saa tano. Rugilė nilimvalisha mwenyewe, mikono ilikuwa haipiti.

"Saa tisa bado, mjomba," akasema.

"Nyamaza uvae."

11 Februari

Mkuu alinipokea akiwa amesimama.

"Umeniaibisha mbele ya tume."

"Si tume, Bwana Mkuu. Ni washauri."

Akakaa, na nikaona kwamba naye ofisini kwake amevaa sweta mbili chini ya suti, hita yake mwenyewe alikuwa ameitoa. Akasema, "Miaka arobaini tumeishi kwa kuonyesha, mzee. Nani alitufundisha kitu kingine?" Sikutaka kumchukia na sikuweza kumpenda tena kama Desemba.

15 Februari

Makoti hakuna. Hakuna anayeniambia lolote.

18 Februari

Hakuna. Barbora anasema nikome kutembea tembea, sakafu yetu ni dari ya jirani wa chini.

23 Februari

Theluji inayeyuka mchana, inaganda jioni. Nimevunja barafu ya ngazi. Mwalimu Kairytė akipita ananisalimu, anasema barua bado.

1 Machi

Bado.

4 Machi

Barua imekuja. Mwalimu alinisomea kwenye kaunta, na Rugilė na wenzake wanne wakasimama kusikiliza, nami sikuwafukuza.

Watatuletea mtambo wa joto, wa chuo chenyewe, ufungwe kabla ya Oktoba. Chuo kisiunganishwe na kingine kwa sasa. Uongozi unasifiwa kwa "uwazi wake usio wa kawaida" katika kuonyesha hali ya majengo. Hapo Rugilė alicheka mpaka akashika kaunta.

"Endelea," nikasema, "kuna ukurasa mwingine."

Mwalimu hakutaka. Nikamwambia mimi nimesomewa hukumu na watu wabaya kuliko yeye. Akasoma. Chumba cha makoti kigeuzwe chumba cha kusomea, kazi ianze mwezi huu, kwa sababu "kwa maelezo ya mhudumu mwenyewe, ambayo tunayaamini, hutumiwa na watu tisa kwa siku."

Mwalimu aliikunja barua.

"Ungesema mia, mjomba," Rugilė akasema taratibu. "Wangeamini."

"Ilikuwa tisa," nikasema.

10 Machi

Fundi alikuja kung'oa ndoano kwa nyundo. Nimemfukuza. Nitazifungua mwenyewe kwa bisibisi, skrubu moja moja. Ndoano hizi nilizifunga mimi.

11 Machi

Hamsini na nane.

12 Machi

Sabini. Kidonda cha kiganja. Rugilė alishika ngazi, akaniuliza kama ni kweli nilimteremsha jenerali. Nikamwambia. Akaniambia nirudie.

16 Machi

Zimekwisha. Ukuta umebaki na matundu na mistari myeupe palipokuwa na mbao za ndoano. Bila ndoano chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani.

19 Machi

Leo nimekabidhi. Mkuu hakuja, alimtuma mtu wa majengo na karatasi imeandikwa tayari: "Nimekabidhi chumba kikiwa kitupu na ufunguo mmoja."

"Sahihi hapa, mzee."

"Sitii."

"Kuna kosa gani?"

"Kikiwa kitupu, maana yake hapakuwa na kitu. Andika: kwa miaka thelathini na moja, na miezi mitano, koti halikupotea hata moja."

"Mzee, hii ni fomu. Haina nafasi ya hayo."

"Geuza. Nyuma ni nyeupe."

Alisema atarudi baada ya chakula. Nikamwambia nitakuwepo, sina pengine pa kwenda, na ufunguo uko shingoni mwangu chini ya shati na mimi ni mzito. Alirudi. Nilikuwepo. Akaandika nyuma. Akasema maneno hayo hayana nguvu bila mashahidi wawili. Nikatoka mlangoni nikaita, wakaja wanafunzi zaidi ya kumi, ikabidi nichague.

Basi nami nimetia sahihi, jina zima, herufi zote, na ilichukua muda wake, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Ufunguo nikauvua.

Anayebisha chochote katika daftari hili, awaulize hawa. Mwalimu Vilhelmina Kairytė, ghorofa ya pili, alitafsiri uongo wangu na ukweli wangu, vyote viwili sawasawa. Rugilė Vaišnytė, kibati namba mia moja na nne, atatia chumvi lakini mfupa ni wa kweli. Petkūnas, mia mbili na sita. Bi Torunn Haugland, Norwe, mgeni wa mwisho niliyelipokea koti lake. Na Steponkus, Mkuu wa Chuo, akiulizwa akishastaafu.

Barbora naye anajua, ila atawaambia vitanzi mia moja na themanini alishona yeye. Alishona tisini na viwili. Nilihesabu.